Makelele ya Wimbo wa Tatu

Sanduku lilishushwa Garsen siku ya Jumatatu kutoka juu ya basi la Hola, limefungwa kamba za katani na kuandikwa kwa chaki: LOIS BABWOYA. Siku mbili kabla, wifi yake Maurine alikuwa amempigia simu kutoka Wenje. Mafuriko yameangusha chumba cha nyuma cha nyumba ya wazee, alisema, na katika kuokoa vitu wamekuta sanduku la bati ambalo hakuna mtu aliyelijua.

"Nimelifungua kidogo tu, wifi. Nguo zako za usichana zimo. Nikaona si vizuri nikae nalo."

Lois alikodi mkokoteni, akalifuata nyuma kwa miguu mpaka nyumbani kwake, vyumba viwili nyuma ya stendi ya mabasi. Alikuwa na miaka sitini. Mwaka uliotangulia alikuwa amestaafu kutoka ofisi moja ya serikali ambako alipiga chapa na kupanga mafaili tangu enzi za mashine za wino mpaka enzi za kompyuta. Hakuolewa. Watoto wawili wa kaka yake aliwalea na kuwasomesha, wakamaliza, wakaenda zao, mmoja Nakuru na mwingine Mombasa, na simu zao zilikuwa za sikukuu. Mjini walimwita Madam na kumpisha kwenye foleni. Lakini hakuna aliyebisha mlango wake bila kuwa na fomu ya kujaziwa.

Ndani ya sanduku mlikuwa na magauni matatu yaliyoliwa na mende, cheti cha kupiga chapa, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa maziwa uliofungwa kwa uzi, kaseti moja. Juu yake paliandikwa kwa kalamu ya buluu: *Delfina, uwanjani, 1987*. Mwandiko haukuwa wake. Herufi zililala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, na Lois aliujua mwandiko ule kabla hajausoma. Alikaa chini sakafuni, miguu akaikunja pembeni, akabaki hapo mpaka chai ikapoa.

Mwaka ule wa themanini na saba alikuwa akisomea ukarani Mombasa, amepanga Majengo kwa Bi Fatma. Chumba alilala na mpwa wa Bi Fatma, msichana wa Kipini aliyeitwa Zamzam. Mmoja alitoka kwa wakulima wa mtoni, wanaoimba kanisani kila Jumapili. Mwingine alitoka mdomoni mwa mto huo huo, kwenye nyumba ya muuza nguo aliyeswali swala tano msikitini. Magodoro yao yaligusana. Viatu vya kutokea walikuwa na jozi moja, wakivivaa kwa zamu, na Zamzam, mwenye mguu mkubwa, alivitanua mpaka Lois akawa anavijaza magazeti.

Ndipo Delfina Rutambi akaja kuimba uwanjani. Yule mwimbaji wa Kigoma wakati huo hakuwa na mfano. Wasichana wa pwani nzima walisuka nywele kama zake, na wasiosuka waliimba jikoni kama yeye. Zamzam aliapa kwamba atakwenda na kwamba atarudi na Delfina ndani ya kaseti. Aliifunga redio ya Bi Fatma tumboni kwa leso, akavaa buibui juu yake, akatembea kwa kujishika kiuno. Langoni askari alipiga kelele, "Mpisheni mama mjamzito!" Watu wakapisha. Lois alicheka mpaka akashikilia ukuta.

Kesho yake Zamzam alisema kichwa kinamuuma, hatakwenda chuoni. Lois alikwenda peke yake. Aliporudi saa kumi alikuta godoro la mwenzake limekunjwa na kusimamishwa ukutani. Viatu vya zamu vilikuwa vimewekwa upande wake, vimesafishwa, na kaseti imetiwa ndani ya kimoja.

"Ameitwa kwao," alisema Bi Fatma, na hakuacha kuchagua mchele wake. Hakuwa mwanamke wa kuulizwa mara mbili.

Wiki tatu baadaye, kwa watu wa sokoni, Lois alisikia kwamba Zamzam ameolewa na kupelekwa Maskati. Ameondoka bila neno, bila hata kikaratasi chini ya mto. Miezi mitano ikapita, ikaja barua yenye stempu ya Omani. Lois hakuifungua. Aliitia motoni chini ya sufuria ya maharage akaiangalia ikijikunja. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hasira ya umri huo. Kaseti aliisikiliza mara mbili tatu, kisha akaitia ndani ya sanduku, na sanduku akalipeleka kwa mama yake. Tangu hapo alikuwa na majirani, na wafanyakazi wenzake, na watu wa kwaya. Rafiki hakupata tena, na kusema kweli hakutafuta.

Jumanne aliichukua kaseti mpaka kwa Nuh, fundi wa simu na redio karibu na stendi. Nuh alikuwa mtu wa Bangale, mpole, asiyesema sana. Aliigeuza mkononi.

"Hii mkanda imeshikana kidogo, Madam. Lakini haijaoza. Mimi nitafungua pole pole."

Alifungua visikurubu vitano, akaupepea utepe kwa kipande cha gazeti, akautia ndani ya redio kuukuu aliyoitoa chini ya meza. Pakawa na mngurumo, kama lori linalopita mbali. Halafu ngoma. Halafu sauti ya Delfina ikatoka, nyembamba na ya juu, na watu elfu kadha wakapiga yowe kwa pamoja ndani ya kibanda cha Nuh. Mtu aliyekuja kuchaji simu alisimama mlangoni akiwa na waya mkononi.

Katika wimbo wa tatu walisikika wasichana wawili karibu kabisa. Walichosema hakikushikika kwa sababu ngoma zilikuwa zimewafunika, lakini kicheko kilishikika.

"Huyo nani?" aliuliza Nuh.

"Mimi," alisema Lois. "Mimi na mwenzangu."

Nuh aliomba ruhusa aweke dakika moja mtandaoni. Lois alikubali kama mtu anavyokubali kuazima sindano, akasahau. Siku ya nne Nuh alikuja kubisha mlango wake. Kuna mtu Nairobi amepiga simu mara sita.

Mtu huyo aliitwa Danson, na baada ya wiki moja alikuwa ameketi sebuleni kwa Lois na kompyuta yake na mashine ya kaseti aliyoibeba mapajani njia nzima. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu mwenye miwani mizito, na alizungumza haraka. Alieleza kwamba rekodi za studio za Delfina zipo, kila mtu anazo, lakini onyesho lile la uwanjani halikurekodiwa na mtu yeyote. Wapenzi wake walikuwa wakilizungumzia kwa miaka kama watu wanaozungumzia mji uliozama. Miaka miwili baada yake Delfina aliacha kuimba, na hakupanda jukwaani tena.

"Na kumbe limelala Wenje ndani ya mfuko wa maziwa," alisema. "Mama Lois, hujui umetufanyia nini."

Kuinakili kaseti kulichukua dakika tisini, pande zote mbili, bila kuruka. Lois alipika wali na samaki wa mto. Danson alikula macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Hata hivyo alikuwa mtu ndani ya nyumba, na sahani ya pili ilikuwa mezani, na Lois alijikuta akizunguka akitafuta kitu kingine cha kumletea: limau, maji, kitambaa. Wimbo wa tatu ulipofika, Danson alikunja uso.

"Hawa wawili ni nyinyi?"

"Ndio sisi."

"Mlikuwa na soga nyinyi!" Alicheka. "Mmemzungumzia juu ya ule wimbo wote. Lakini usijali. Siku hizi kuna programu inatenganisha sauti. Tutawatoa, na makelele ya watu tutayatoa, abaki Delfina peke yake. Itakuwa kama amerekodi jana."

Lois alicheka pia, kwa heshima ya mgeni. Jioni Danson alipanda basi la Malindi, na Lois akaosha sahani mbili.

Ilichukua miezi miwili. Siku rekodi ilipotoka, Nuh aliifungua kwenye simu ya Lois na kumwonyesha idadi ya waliosikiliza, na ilikuwa inapanda huku wanaiangalia. Chini paliandikwa: *Imerekodiwa na L. Babwoya, Garsen.* Lois alikwenda nayo nyumbani, akafunga mlango, akavaa vile vijispika vya masikioni alivyopewa na Nuh.

Sauti ilikuwa safi ajabu. Pumzi ya Delfina ilisikika kabla ya kila mstari. Gitaa lilisikika kila uzi peke yake. Lakini wimbo wa kwanza ulipomalizika hakuna aliyepiga makofi. Delfina alisema, "Mombasa, mpo?" na hakuna aliyejibu. Aliuliza tena, kwa furaha ile ile, "Mpo?" Kimya. Kisha akaanza wimbo wa pili kama mtu aliyesimama katikati ya uwanja mtupu na hajui kwamba watu wameshaondoka. Wimbo wa tatu ulipita wote, na ndani yake hapakuwa na kicheko.

Lois alivitoa vile vijispika. Akampigia Danson.

"Mama Lois! Umeona watu wanavyosema?"

"Nimeona. Ni kazi nzuri." Alitafuta namna ya kusema. "Zile sauti ulizotoa, ulizitupa?"

"Makelele? Hapana, yapo kwenye kompyuta. Programu inatoa mafaili mawili, muziki huku, mengine yote kule. Sijafuta tu."

"Nitumie hayo mengine."

"Hamna kitu humo, mama. Ni vurugu tu."

"Ni sisi," alisema Lois.

Kisha Danson akasema, polepole kuliko kawaida yake, "Nakutumia sasa hivi. Samahani, mama."

Faili lilifika adhuhuri, saa ambayo Garsen nzima hujificha jua na hata mbuzi wa sokoni hulala chini ya malori. Lois alilisikiliza ameketi kitandani. Muziki ulikuwa umebaki kama unasikika kutoka nyumba ya tatu. Kilichojaa ni watu. Walipiga yowe, walikohoa, mtu aliuza karanga akipita, mtoto alimwita baba yake. Halafu, karibu kabisa, kama yuko kwenye godoro la pili, sauti ya Zamzam:

"Lois. Lois, nisikize. Naozwa."

Na sauti ya msichana mwingine, ya juu, yenye kiherehere, ambayo Lois hakuitambua kwa muda: "Ee! Muone alivyovaa!"

"Jumamosi naozwa. Mume yuko Maskati. Kaka yangu yuwaja kesho kunichukua, shangazi hataki watu wajue. Ndoo, uje Kipini Alhamisi, shoga yangu. Nimeshasema nyumbani utalala na mimi, mpaka siku yenyewe. Sitaki kuwa peke yangu na wale wanawake. Utakuja?"

Umati ukapiga yowe.

"Utakuja, Lois?"

"Ndiyo!" alipiga kelele yule msichana mwingine. "Ndiyo, ndiyo!" Akacheka, akapiga makofi.

"Niapie."

"Haki ya Mungu! Sijaona mtu kama huyu!"

"Basi tukitoka hapa tusilitaje tena," alisema Zamzam. "Nisije nikalia njiani."

Lois alirudisha nyuma. Alisikiliza tena, na mara ya tatu, akitumaini sijui nini, labda yule msichana atageuza kichwa na kusema, *Umesema nini?* Hakugeuka. Alikuwa akimtazama Delfina. Miaka thelathini na saba alikuwa amebeba kinyongo cha mtu aliyeachwa bila kuagwa, na kumbe aliagwa, akaalikwa, akaapa kwa jina la Mungu, asiende.

Kutoka Garsen mpaka Kipini ni mwendo wa asubuhi moja, na Lois hakuwa amewahi kwenda. Alikwenda Alhamisi ya wiki ile, akibadilisha gari Witu. Aliuliza nyumba ya marehemu Abdulbasit, baba yake Zamzam, aliyekuwa akiuza nguo, akaonyeshwa. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mikono ina unga. Alikuwa Ummi, mdogo wake Zamzam. Lois alijitambulisha, na Ummi akamwangalia juu mpaka chini, mdomo wazi.

"Wewe ndiwe Lois? Lois wa Majengo?" Akajifuta mikono. "Lo! Wewe tulikuwekea godoro! Mimi nilikuwa na miaka tisa. Alhamisi ile Da Zamzam alinituma kwenye magari mara nne kukutazama. Alinambia mtafute msichana mrefu aliyevaa viatu vikubwa. Nikarudi nikamwambia hayupo, akanituma tena. Mpaka magharibi yuko mlangoni, na wanawake wanamngoja kumpaka hina."

"Sikusikia," alisema Lois. "Aliniambia, lakini sikusikia."

Ummi hakuelewa, lakini alimtia ndani, akamkalisha, akamletea maji. Lois alipokwisha kumwonyesha simu na kueleza habari yote, Ummi alilia kidogo kwa ajili yake, kisha akasema, "Yupo. Yuko huko huko Maskati, ana wajukuu saba. Ngoja nimpigie, umuone."

Uso uliotokea kwenye kioo cha simu ulikuwa mpana, wenye miwani, umefunikwa mtandio wa kijivu. Nyuma yake watoto walikuwa wakikimbizana na televisheni ilikuwa ikiongea Kiarabu. Zamzam alimsikiliza mdogo wake akiwa ameinamisha sikio.

"Lois?" alisema. "Lois yupi?"

"Wa Mombasa, Da Zamzam. Wa kwa shangazi."

"Aaa." Macho yakatafuta. "Yule Mpokomo. Lo, dada, u hali gani? Umekuwa mtu mzima!"

Lois alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alijikuta anayasema yote kwa mkupuo: kaseti, fundi, Delfina, ngoma zilizowafunika, ile *ndiyo* aliyoisema bila kujua anajibu nini. Zamzam aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Ummi akasogeza simu mbili pamoja ili Zamzam asikie mwenyewe.

"Ni mimi huyo?" alisema Zamzam. "Sauti yangu ilikuwa hivyo?" Akaita mtu kwa Kiarabu, mtoto akaja, akasikiliza, akacheka, akakimbia. "Huyo mwimbaji ni nani?"

"Delfina. Ulificha redio tumboni. Askari akadhani una mimba."

"Mimi?" Alicheka kweli kweli. "Wallahi sikumbuki. Tulikuwa wajinga sisi."

"Ulinikasirikia?" aliuliza Lois.

Zamzam alifikiri, na ilionekana anafikiri kwa haki. "Nilikasirika, ndiyo. Mwaka mmoja hivi. Nilikuwa nikijiambia, yule ameapa. Kisha nikazaa, dada. Mtoto akawa mgonjwa. Nikasahau."

"Uliniandikia barua. Ilisema nini?"

"Barua gani?" Akavua miwani akaifuta. "Mwaka ule wa kwanza niliandika barua nyingi. Sikuwa na mtu wa kuongea naye, mume yuko kazini, mama mkwe hanipendi. Nilimwandikia kila mtu niliyejua anwani yake. Hata mwalimu wangu wa madrasa nilimwandikia." Mtoto alilia nyuma yake. "Ulinijibu?"

"Hapana," alisema Lois.

"Basi, yamepita." Alisema kwa wema, kama mtu anayemsamehe mgeni aliyevunja kikombe. "Ummi, mpe chakula. Asiondoke bila kula. Dada, nisamehe, huyu mtoto hataki kunyamaza."

Lois alikula. Ummi alimpa samaki wa kupaka na wali wa nazi na akamhadithia habari za watu ambao Lois hakuwajua, na ilikuwa nyumba nzuri yenye upepo. Aliombwa alale, akasema ana shughuli. Hakuwa na shughuli. Alirudi Garsen kabla jua halijazama, akafungua mlango wake, akasimama ndani bila kuvua viatu.

Alikuwa ameshapanga namna ya kuishi na Zamzam anayekumbuka na mwenye uchungu. Namna ya kuishi na Zamzam aliyesahau hakuipanga. Kile alichokilinda miaka yote, akakilisha, akakilaza, na kwa ajili yake akawafungia wengine mlango, kumbe upande wa pili hakikuwa na mwenyewe.

Nuh, aliyejua habari ya safari ya Kipini, alimuuliza kesho yake, "Ulimpata yule mwenzako?"

"Nilimpata."

Fundi alingoja asikie zaidi. Safari hii Lois aliona kwamba anangoja, akavuta kile kiti cha wateja akaketi, akamweleza. Ilichukua muda. Nuh aliweka chini kisikurubu chake na hakukishika tena mpaka mwisho.

"Hiyo ni nzito, Madam," alisema.

Wiki mbili zikapita ndipo ujumbe wa sauti ulipoingia kutoka namba ya Omani. Lois alikuwa akianika nguo. Sauti ya Zamzam ilikuwa ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba.

"Lois, shoga yangu. Nimekaa nikafikiri. Nimekumbuka kidogo ule uwanja. Siku ile si mvua ilitunyeshea? Tulirudi tumerowa chapachapa, wewe umenifunika na leso yako. Au nachanganya? Nambie."

Mvua haikunyesha siku ile. Ulikuwa mwezi mkavu, na walirudi miguu yao imejaa vumbi. Leso ilikuwa imefungia redio tumboni. Huenda ilikuwa siku nyingine, au mtu mwingine. Lois alisimama na shuka mbichi begani, akasikiliza ujumbe mara ya pili, halafu akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Ilinyesha sana," alisema. "Ilitunyeshea mpaka Majengo."

Akautuma, akaendelea kuanika.